Luhende Masele, Beki Aliyekatwa Pichani

Ndugu waombolezaji, na ninyi majirani zetu wa Pasiansi, naomba mtusikilize sisi watoto wa marehemu, na mtuvumilie pale uchungu utakapotuzidi, maana familia imechoka.

Mzee Luhende Masele alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 huko Magu, akamaliza darasa la saba mwaka 1968, kisha akaja Kirumba kupima samaki pale soko la Mwaloni, kazi aliyoifanya hadi magoti yalipomkatalia mwaka 2011. Mwaka 1978 aliitwa timu ya taifa, beki wa kushoto, akawa miongoni mwa waliokwenda Lagos Machi 1980, mara ya kwanza nchi hii kufika fainali za Mataifa ya Afrika. Tarehe 5 Juni 1982 alifunga ndoa na Mama Paskazia, wakajaliwa watoto watano, Kija akiwa wa kwanza.

Mwaka 2019 timu ilipofuzu tena, baada ya miaka thelathini na tisa, wakubwa fulani wa mpira walitundika mjini bango lenye picha ya kikosi kile cha Lagos, mzee akavaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya Kija, akaenda kuwaonyesha wajukuu, akakuta pale aliposimama pamebandikwa nembo ya mdhamini, umebaki mkono wake tu begani kwa mwenzake. Inatia kinyaa. Aliandika barua, akafuatilia ofisini, akazungushwa njoo kesho, njoo wiki ijayo, na bwana mmoja ambaye hata shikamoo hakumpa akamwuliza ana ushahidi gani kwamba ule mkono ni wake.

Alipata kiharusi tarehe 2 Februari 2025, hakuna hata mmoja wao aliyekuja kumjulia hali, akafariki tarehe 9 Mei akiwa bado anauliza kama bango limerekebishwa. Jana ndipo walipojitokeza, na mpiga picha wao, wakitaka dakika kumi za kuongea na jezi ya kufunika jeneza, nembo ile ile kifuani. Mama Paskazia amekataa, jezi wamerudi nayo, ila wao wakae na watu, na zamu ya kufukia ikifika washike chepe kama wengine, bila kamera.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomgeuza kitandani kwa zamu, na wapimaji wenzake wa Mwaloni waliofunga mizani leo. Mzee Oyoo, aliyecheza naye Lagos, atataja pale kaburini majina ya kikosi kizima, na akifika kwa Luhende Masele, tunaomba sote tuitikie kwamba alikuwepo.

Baba, pumzika kwa amani.