Mama Nangila na Wimbo wa Wandera

Watumishi wa Mungu, jamaa, majirani, nanyi mliovuka mpaka tangu alfajiri kuja kutushika mkono, familia imempa Edwin, mwana wa marehemu, jukumu la kuwasomea safari ya mama yake, naye anaomba mumvumilie.

Marehemu Juliet Nangila Ojiambo alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 kando ya njia ya Tiira, mama yake akitoka sokoni na kapu la muhogo, ndipo akaitwa Nangila, mtoto wa njiani, na tangu siku hiyo miguu yake haikujua kutulia. Alisoma hapo Tiira hadi darasa la sita mwaka 1966, akaacha masomo baba yake alipougua, na mwaka 1969 akaanza kuuza dagaa wakavu Busia, kazi aliyoifanya karibu miaka hamsini, na wateja wake ni mashahidi kwamba hakupunguza bei hata kwa katekista.

Tarehe 20 Aprili 1974 alifunga ndoa na marehemu Herbert Ojiambo, utingo wa malori, wakajaliwa wana wawili, Wandera mwaka 1976 na Edwin mwaka 1979. Wandera alichimba dhahabu Tiira akitafuta mahari, mchumba alikwisha kumpata, lakini tarehe 11 Agosti 1998 shimo lilimfukia, akiwa na miaka ishirini na miwili. Siku ya mazishi mama alisimama penye kaburi akamtungia wimbo kwa Kisamia, lugha yake, akimwita Wandera atoke nje kwa kuwa uani pamejaa watu, na wanawake wakaupokea, ukaenda kutoka shamba hadi shamba mpaka Merikit.

Huko aliusikia Bi Alupo, mwimbaji wa harusi, ambaye Kisamia chake ni cha kuombea maji tu, akadhani ni bwana harusi anayeitwa, akautilia ngoma na makofi, na penye jina la Wandera akawa anaweka la bwana harusi wa siku hiyo. Tarehe 17 Desemba 2016 mama alialikwa harusini Merikit, akausikia, akaacha sahani yake ya wali akaondoka, na kwa miaka miwili aliwaomba wazee wa kanisa waupige marufuku, akisema mwanawe amezikwa mara ya pili, safari hii hata jina hakuachiwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, Bi Alupo alipoelezwa hakujificha. Jumapili tarehe 3 Machi 2019 alikuja na kundi lake na kuku wa kuombea radhi, akaahidi kutouimba tena. Mama akamuuliza ni mabwana harusi wangapi ameshawaimbia, naye akaanza kuwataja, Jovan wa Busia, Obbo wa Tororo, Omoding wa Merikit, majina hayaishi, na mama akamshika mkono kumnyamazisha.

"Musiache," akamwambia. "Mutoto wangu hakuoa. Sasa ninyi munamuozesha kila Jumamosi."

Aliomba jambo moja tu, kwamba ubeti wa mwisho urudishiwe jina la Wandera, na likarudishwa. Tangu hapo hakukosa harusi, alikaa mbele kama mwenye shughuli, akacheza mpaka viatu vikamshinda, nasi tunamshukuru Mungu kwa miaka hiyo, maana furaha ya namna ile hatukuwahi kuiona kwake.

Kisukari kilimwanza mwaka 2021, akakipigania kwa ukaidi wake wote, na Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa tano asubuhi, akalala usingizi wa milele hospitalini Tororo, mkono wake ukiwa katika mkono wa Edwin.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wauza dagaa wa pande zote mbili za mpaka, Bi Alupo na kundi lake, na bwana harusi wa leo, kijana Ecodu, aliyekubali kuwasubiri hadi saa kumi ili kwanza waimbe hapa. Msishtuke mkisikia ngoma na makofi kaburini, mwenyewe ameagiza hivyo, tena ameagiza jina lake lisiwekwe, liwe la Wandera mwanzo hadi mwisho, na mwishoni kiongezwe kipande kimoja alichokitunga akiwa kitandani: Wandera, toka nje, mama yako yuko njiani.

Pumzika kwa amani, Nangila, mama wa bwana harusi.