Chaki ya Champagne na Ufunguo wa Mwalimu Balagizi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mchungaji Nibigira, Bwana Clifford, msimamizi wa ghala la Ingleburn, ambaye kijana wetu Dieudonné anakutafsiria hapo sikioni, baba zangu na mama zangu, ndugu zetu wa Kenya na Burundi mliotoka shifti moja kwa moja na bado mmevaa sare za kazi, na wewe, Mwalimu wangu Balagizi, tunayekuaga leo: nawasalimu wote kwa heshima.

Mimi ni Faida. Wengi wenu mnanijua kama yule dada anayetunza wazee kule Cabramatta. Lakini kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, Bukavu, na zaidi ya hapo nilikuwa kapita, yaani kiranja, wa darasa lake. Kamati imenipa dakika kumi na imeniomba niwachekeshe. Nitajaribu mwanzoni. Mwishoni mtanisamehe.

Bwana Clifford ametueleza kwamba siku moja katoni za shampeni zilianguka ghalani, na huyu mzee, Mwalimu wetu, badala ya kukimbia, akainama akasoma kibandiko kimoja kimoja, kisha akamwambia kila chupa imetoka kijiji gani, na kijiji hicho kiko ng'ambo ipi ya mto. Bwana Clifford akamuuliza, uliishi huko miaka mingapi? Mwalimu akajibu, sijawahi kufika. Ndugu zangu, mtu amebeba katoni hizo miaka kumi na miwili mpaka magoti yamekwisha, na ardhi zilikotoka anaijua kuliko wanaozinunua. Ni nani kati yetu hapa Sydney ambaye elimu yake haikuishia hivyo, mgongoni?

Sisi tulisoma Champagne, nchi inakotoka shampeni hiyo, katika kitabu kimoja, wanafunzi arobaini na wawili. Tulijua kwamba iko mashariki ya Paris, kwamba ni nchi ya baridi, na kwamba zabibu zikipandwa mbali zaidi kaskazini haziivi vizuri. Tulijua mji wa Reims walikotawazwa wafalme wa Ufaransa, na Épernay ulio kando ya mto Marne. Tulijua kwamba chini ya mizabibu ile hakuna udongo wa maana, ni chaki tupu. Mwalimu alikuwa akiinua kipande cha chaki mbele yetu na kusema, wanangu, mlima mzima ni huu. Chaki hunywa maji ya mvua na kuyatunza, na mzabibu unayafuata huko chini. Sisi tulikuwa wajeuri. Tukamuuliza, Mwalimu, huo Marne unaufikia mto wetu Ruzizi kwa ukubwa? Akatujibu, Ruzizi mnaujua kwa miguu, huu mtaujua kwa akili.

Na kuna somo moja alilipenda kuliko yote. Zamani sana, enzi za Warumi, watu wa Reims walichimba chaki hiyo wajengee, wakaacha mashimo makubwa chini ya mji. Karne nyingi baadaye wenye mvinyo wakaona humo ndani baridi haipandi wala haishuki, wakaweka chupa zao. Ikaja vita kuu ya kwanza. Mizinga ikaupiga mji ule karibu miaka minne. Watu wakashuka kwenye mashimo ya mvinyo, wakalala humo, wakasali humo, na walimu wakafungua shule humo. Watoto walisoma hesabu katikati ya chupa. Na zabibu zilipoiva walitoka kuzivuna huku makombora yanaanguka, na wengine hawakurudi. Mwalimu alikuwa akifika hapo anageuka kufuta ubao uliokwisha kufutwa. Sisi tulidhani amesahau linalofuata.

Kisha vita vikaja kwetu. Miaka ishirini na moja sasa. Risasi zilianza asubuhi tukiwa darasani, na Mwalimu akatushusha wote kwenye stoo ya maharagwe chini ya parokia. Alibeba vitu viwili, jerikani ya maji na boksi la chaki. Ufunguo wa mlango wa chuma akanivika mimi shingoni, kwa sababu nilikuwa kapita. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Siku ya pili, mchana, milio ikatulia. Rafiki yangu Divine, tuliyekaa naye benchi moja tangu darasa la kwanza, akasimama. Akasema, Mwalimu, mama amejifungua juzi, yuko peke yake na mtoto, hana hata wa kumchotea maji. Mwalimu akamjibu, keti, binti yangu, hapa hatoki mtu. Watoto wadogo wakaanza kulia. Basi Mwalimu akageukia ukuta, akatuchorea Champagne ili tunyamaze. Akachora Reims. Akachora kilima. Akaanza kuchora Marne, na Marne ni mto mrefu wenye kona nyingi.

Alipomaliza mto, Divine hakuwepo.

Wazazi wangu, nyote hapa mmesikia kwamba Mwalimu Balagizi alimruhusu mtoto wa watu atoke, akauawa njiani. Ndivyo ilivyosemwa Bukavu, ndivyo ilivyosemwa kambini Uganda, na imepanda ndege ikatufuata mpaka Sydney. Kwa sababu hiyo anakaa benchi la mwisho kanisani. Kwa sababu hiyo tulipomwomba afundishe watoto wetu Jumamosi alikataa, akasema mikono yake haishiki tena chaki.

Mwalimu hakumruhusu. Mlango niliufungua mimi.

Divine aliniangalia tu, na mimi nikaona aibu kumnyima rafiki yangu njia ya kwenda kwa mama yake. Wenzetu walikuwa wakitazama ukuta; nikamfungulia, nikafunga. Mwalimu alipogeuka akauliza, nani amefungua? Nilinyamaza. Akauona ufunguo nilioufumbata kifuani. Hakunipiga, hakuuliza tena. Aliuvua ufunguo shingoni mwangu akauvaa yeye, na watu wazima walipokuja kutafuta watoto wao waliukuta shingoni mwake. Akawaambia, ni mimi. Na mimi nikaendelea kunyamaza. Nimekula, nimeolewa, nimezaa, na nimenyamaza. Mwalimu, nimekutwika mzigo wangu na nikakuangalia ukiubeba. Ijumaa unahamia Toowoomba kwa binti yako, na nimeona nikikuacha uondoke nao, sitakuwa mtu tena.

Mama Médiatrice, mama yake Divine, nakuona pale mlangoni. Najua umekuja leo kwa ajili ya Dieudonné tu, yule mtoto mchanga wa siku zile, ambaye Mwalimu alimtafutia kazi ghalani na kumfundisha kuendesha fokilifti. Dieudonné, acha kumtafsiria Bwana Clifford, mwanangu. Hili lisikilize wewe mwenyewe. Mama, miaka tisa hapa hujamsalimia Mwalimu, na kwa ulivyoambiwa ulikuwa na haki. Wa kunyimwa salamu ni mimi. Sikuombi unisamehe leo. Nimezaa binti, na sijui kama mimi ningeweza.

Ghala limempa Mwalimu chupa hii ya shampeni. Mchungaji, utaniwia radhi, sitazidisha. Kwetu Bushi anayeleta kinywaji huonja kwanza, ili wanaokipokea wajue hakina sumu. Mimi nimewaletea neno chungu, basi mimi ndiye naonja. Tayari, nimeonja.

Nimemimina glasi ya pili. Ni ya Mwalimu, ambaye amebeba maelfu ya chupa hizi na hajawahi kuonja hata moja. Mama Médiatrice, naomba mkono utakaompelekea uwe wako. Ukishindwa, hakuna wa kukulaumu. Glasi itabaki hapa mezani, wala mtu mwingine asiiguse.

Mwenyekiti, sina la kuongeza. Asanteni nyote kwa kunivumilia. Nami nakaa kule benchi la mwisho.