Seva Ilizama, Namba Ikabaki

Maji ya mvua yalikuwa bado yanatiririka kando ya barabara ya Bombo, na benchi la kahawa la Bwaise lilishajaa. Katembo, muuza kahawa aliyetoka Beni, alimimina kahawa vikombeni huku akificha fahari yake. Alfajiri ile mkamwana wa Marjan, mteja wa kila siku wa benchi hilo, alishikwa na uchungu wa kuzaa, na bodaboda hazikuweza kupita kwa mafuriko. Watu wa nyumbani wakafungua kwenye simu ukurasa wa wakunga wa mtaa, uliotengenezwa na Benedicte, binti wa Katembo. Seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi ukurasa huo, iliyoko mtaa wa mbali wa Bugolobi, ilikuwa imezama majini tangu jana jioni. Lakini ukurasa ukafunguka, namba ikaonekana, na mkunga akaja kwa miguu, maji hadi magotini. Mtoto akazaliwa salama.

— Seva imekufa, halafu inajibu? alisema Fabiano, aliyeitwa Setilaiti kwa kujua kila kitu. Ssebo, bwana wangu, hiyo imefungwa mwezini.

— Mwezi gani? alidakia Marjan. Yeye aliitwa Sajini kwa kuwa babu zake walikuwa askari. Ni jeshi! akaendelea. Linaficha kopi ya kila kitu chini ya ardhi.

— Chini ya ardhi si kuna maji, Sajini? aliuliza Fabiano.

— Basi kambare ndio wanasoma! alijibu Marjan, akachomeka methali isiyohusika. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Katembo akacheka, akaweka birika chini.

— Sikieni. Jiko langu likizimika, nawafukuza? Hapana. Nawapa kahawa iliyo kwenye chupa, nawaambia ni ya asubuhi. Mtoto yangu amefanya hivyo hivyo. Nakala ya ukurasa inakaa kwenye kompyuta nyingine, mbali. Seva ikikosa kujibu, inatoka nakala, na juu imeandikwa: "Hii ni ya jana saa kumi."

— Hakuna uongo hapo, alikubali Fabiano.

— Wenzake kazini, aliendelea Katembo, walimwambia, seva ikianguka, acha ukurasa useme tu "kosa". Akakataa. Akawauliza, mama mwenye uchungu atafanya nini na neno "kosa"?

Katembo akajifanya anafuta kikombe ambacho tayari kilikuwa kisafi.

Hapo akatokea Kaltumi, muuza mandazi, beseni kichwani.

— Hongera, Sajini! Wa kike au wa kiume?

Marjan alikuwa amesikia tu kilio cha mtoto akiwa mlangoni, akakimbilia benchi kutangaza bila kuuliza ni wa kike au wa kiume. Akamtazama Fabiano. Fabiano akamtazama Katembo.

Sajini akaacha kahawa, akakunja suruali, akaingia majini kwenda nyumbani kuuliza.