Walioolewa Mbali

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, mwanaakiolojia tunayemwita Mama Vigae anastaafu tarehe 30 Juni. Sisi wa klabu ya historia, tunaokuja makumbusho kila Jumamosi kuosha vigae, tumeombwa tuandike machache juu yake. Mwenyewe ametuonya tusimsifu kama marehemu.

Alianzia ghala la nyuma, chumba chenye dirisha moja na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Humo alikuta sanduku limeandikwa "Makosa". Lilijaa vigae vya vyungu vya kale vilivyochimbwa milimani, lakini midomo yake imekunjwa kwa nje, mtindo wa wafinyanzi wa ziwani, mwendo wa majuma mengi kwa miguu. Wakubwa wake walikuwa wameamua kwamba magunia yalichanganyika garini.

Mama Vigae alikataa. Alikata kigae kimoja, akakitazama kwa hadubini, akaona udongo ni wa milimani, wenye chembe zinazometa. Udongo wa huku, mkono wa kule. Basi aliyesafiri ni mfinyanzi mwenyewe. "Mbona mimi niliolewa mbali," aliwauliza, "na watoto niliwabeba mgongoni vilevile alivyonibeba mama?" Mkuu wa idara alipomtania kwamba vigae vyake vimepotea njia, alijibu, "Havijapotea, bwana mkubwa. Vimeolewa."

Tangu hapo amechimba sehemu tatu kati ya ziwa na milima, na kote amekuta midomo ileile. Wapo wanaobisha hadi leo. Wabishe.

Si kwamba hakosei. Mwaka mmoja aliwaonyesha wataalamu kigae cha ajabu, akakitetea mpaka sauti ikamkauka. Siku ya pili mlinzi akakitambua: ni cha mtungi wake, uliovunjika karibu na beseni letu la kuoshea. Mama Vigae alirudi mbele ya wataalamu walewale, akatangaza kosa lake, akangoja wamalize kucheka, kisha akaendelea na hoja yake palepale alipoishia. Kigae hicho hakijaondoka mezani kwake, na mlinzi bado anadai mtungi.

Mwezi uliopita ilitoka amri kwamba ghala ligeuzwe chumba cha mikutano na sanduku la "Makosa" litupwe. Mama Vigae alifunga mlango, akatia ufunguo mkobani, akasema hastaafu mtu hapa mpaka vigae vipate rafu. Akatumiwa ujumbe wa upole, kisha wa ukali. Akaagiza chai. Juzi seremala alileta rafu.

Jana alikabidhi ufunguo. Lebo ya zamani ameibandua kwa kucha zake, na mpya inasema "Walioolewa Mbali". Atakayekuja kulitupa sanduku hilo atatukuta mlangoni na mabeseni yetu.

Asante, Mama, kwa kutufundisha kubisha kwa adabu. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha. Vigae havitoki.