Bangili ya Samaki Watatu

Kwenye gari la Rumonge, Hadjara alipojua kuwa jirani yake ni sonara, alimweleza shida yake. "Natafuta bangili ya fedha kama ile yangu. Tangu ipotee, bwana yangu ananisema asubuhi na jioni. Ilikuwa na samaki watatu, mumoja hana jicho."

"Hiyo niliitengeneza mimi, mama! Lile jicho nililisahau," mzee Alimasi alicheka. Fundi akisikia kazi yake inatajwa, mdomo haufungiki. "Juzi mwanaume moja aliileta niipunguze. Alisema mukono ya bibi yake iko mudogo."

Hadjara akautazama mkono wake mnene. Sisi abiria tukautazama pia. Adabu tulikuwa tumeiacha kule nyuma, kituo cha Gitaza.

"Pengine ilikuwa ingine," mzee alinong'ona.

Gari likasimama. Hadjara hakuuliza jina la mwanaume huyo. "Uliipunguza kiasi gani?"