Mzee Sanga Kaingu na Stoo Yake Iliyo Wazi

Ndugu, jamaa, majirani na waumini wenzetu. Tumeombwa wasifu huu uwe mfupi ili mazishi yaishe kabla jua halijawa kali. Utakuwa mrefu kidogo, mtuvumilie. Marehemu baba yetu, Mzee Sanga Kaingu Ngumbao, alisemwa maneno katika kijiji hiki. Siku ya tatu ya matanga haya, jikoni, mtu mmoja alisikika akiuliza kwa sauti ya chini, "Na yale mambo ya mzee, amemwachia nani?" Mama yetu alikuwa akipakua wali, akasikia. Yeye anabaki hapa Mikwakwani. Kwa hiyo tutaeleza yale mambo ni yapi, mbele ya kila mtu, kisha ndipo tumzike.

Mzee Sanga alizaliwa hapa hapa Mikwakwani mwaka wa 1947, mtoto wa pili wa marehemu Kaingu Ngumbao na marehemu Sidi. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe moja Januari. Hakukiamini. Alisema karani aliwapa wazee wote wa foleni ile siku moja ya kuzaliwa ili asichoke kuuliza, ilhali mama yake alimwambia mahindi yalikuwa yakivunwa. Kwa vile hakuwa na hakika ya siku, hakuisherehekea hata mara moja, na hilo halikumsikitisha kwa sababu lilimpunguzia gharama.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1956 hadi 1962. Wenzake waliosoma naye, na wawili wako hapa leo, wanakumbuka penseli yake. Ilipokuwa fupi hata haishikiki, aliichomeka kwenye kijiti cha mwanzi akaendelea kuiandikia. Mwalimu alimshuku kuwa anaiba penseli za wengine, kwa kuwa yake haikuisha. Alipekuliwa mfuko, kikatolewa kile kijiti, darasa likacheka. Alikuwa na miaka tisa au kumi. Tunalitaja kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kupekuliwa, na haikuwa ya mwisho.

Mwaka wa 1972 aliajiriwa katika hoteli moja ya Watamu, kwenye chumba cha kufulia, akawa dobi hadi alipostaafu Desemba 2004. Alienda kwa baiskeli na kurudi kwa baiskeli. Kazi ile ndiyo iliyomfundisha mambo mawili aliyoyashika maisha yake yote. La kwanza ni kwamba wageni hutumia sabuni siku mbili kisha huitupa. La pili ni kwamba nguo ya rangi huanikwa ndani nje, ili jua liunguze upande usioonekana. Siku aliyostaafu wenzake wa kufulia walimpa zawadi ya shati la buluu, la kitambaa kizito. Tunaomba mlikumbuke shati hilo.

Alimwoa mama yetu, Kahonzi, kwa mila mwaka wa 1974, na ndoa ikabarikiwa kanisani tarehe 12 Desemba 1981. Mwaka wa kwanza wa kuishi pamoja nusura ivunjike. Mama ametupa ruhusa tuseme. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini ananukia waridi, kesho ananukia ndimu, keshokutwa kitu ambacho mama hakukijua hata jina. Mama alihesabu harufu wiki kadhaa. Mwisho akafunga mzigo.

"Waenda wapi?" baba akamuuliza.

"Kwetu. Hao wanawake wako watakupikia kwa zamu."

"Wanawake gani?"

"Mmoja waridi, mmoja ndimu. Huyo wa jana sijamjua, lakini ana pesa."

Baba aliingia uvunguni mwa kitanda akavuta debe. Ndani kulikuwa na vipande vya sabuni za hotelini, vyembamba kama maganda, vya kila rangi. Alikuwa akivikusanya avichemshe pamoja avifanye mche mmoja mkubwa, akitaka uwe zawadi ya mama. Mama alifungua mzigo, lakini asema alilala macho wazi siku hiyo, kwa kuwa mume mwenye wanawake alimjua dawa yake, mume mwenye debe la sabuni hakumjua.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mtu wa kushuku, naye akashukiwa. Kiberiti kipya alikifungua papo hapo dukani aone kama kimejaa, na njiti alizipasua mbili kwa wembe. Dawa ya meno ilipoisha aliikata bomba akaikwangua. Umeme ulipoingia nyumbani mwaka wa 2016, baba aliketi akaikodolea macho ile taa ndogo nyekundu ya mita inayowaka na kuzima.

"Cliff," akamwita mtoto wake wa kiume, "hiyo yakonyeza nini?"

"Ni alama tu, baba, kwamba stima iko."

"Na hiyo stima ya kukonyezea yalipwa na nani?"

Cliff alimweleza sana. Baba alisema amesikia, kisha akatundika kitambaa cheusi juu ya mita ili isikonyeze. Kitambaa kilikuwa cha mwavuli uliovunjika. Mpita njia akiangalia ukutani kwetu aliona kitambaa cheusi kimetundikwa, hakuona mita iliyoko nyuma yake. Tunajua wapo waliokiona.

Maganda ya mayai aliyasaga akayafukia kwenye mashina ya mipapai. Wapo waliomwona akifukia. Tochi alikuwa nayo, lakini alisema njia ya nyumbani anaijua, ya nini kuichoma betri. Basi akitoka kanisani magharibi alitembea gizani bila taa, na mkikutana naye ghafla hakushtuka, ninyi ndio mlioshtuka. Na lile shati la buluu aliliona zuri mno kuliunguza na jua la shambani, lakini hakuona sababu ya kununua jingine. Jumapili alilivaa vizuri. Siku za kazi alilivaa ndani nje, mishono na mifuko ikionekana, kama linavyoanikwa kambani. Mzee anayelima na shati ndani nje, anayefukia vitu, anayetembea bila taa. Hatulaumu kila aliyejiuliza. Lakini kuuliza kunahitaji mdomo, na baba alikuwa na masikio mazuri hadi mwisho. Hakuna aliyekuja kumuuliza.

Mwezi wa Julai 2019 jirani yetu alifiwa na kijana wake kwa maradhi ya ghafla. Tulilia naye, baba akachimba kaburi pamoja na wengine. Baada ya matanga yale lilianza kusemwa neno mutsai, yaani mchawi, kwanza kisimani, kisha likafika dukani. Familia haimtaji mtu. Tunasema tu kwamba waliolisema kwa sauti kubwa zaidi walikuwa pia wanauliza mpaka wa shamba letu unaishia wapi, na hilo mlipime wenyewe.

Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, vijana waliingia uani wakiwa na mapanga. Baba alikuwa ameketi anapasua njiti.

"Mzee, tufungulie stoo."

"Mwataka kuazima nini?"

"Fungua, mzee. Usitupotezee wakati."

"Haya. Lakini vueni viatu, nimefagia."

Dada yetu Monicah, aliyekuwapo, anasema wawili walivua kweli. Walitoa debe la sabuni, wakatoa chupa, wakatoa gunia. Gunia lilikuwa jepesi. Walipolifungua wote walirudi nyuma, kwa maana lilijaa nywele.

"Hizi ni nywele za watu!"

"Za watu, ndiyo," baba akasema. "Za mbuzi nimejaribu, hazifai."

"Za watu gani?"

"Nitajuaje, mwanangu? Za Gede yote."

Mmoja wao alishika kichwa chake. "Mimi nanyoa Gede."

"Basi na zako zimo."

Baba hakuwa anafanya mzaha. Aliulizwa akajibu, hivyo ndivyo alivyokuwa. Lakini hapo ndipo panga la kwanza lilipoinuliwa, na mama akaja akasimama mbele yake na mwiko mkononi, unga ukiwa bado unadondoka. Akawaambia, "Mkitaka kumkata, mtaanza na aliyewapikia uji mkiwa wadogo." Akamgeukia Monicah. "Mpigie Uweis."

Uweis Bwanamkuu ni kinyozi wa Gede, na tunamshukuru kuwa yuko hapa nasi leo. Alifika kwa bodaboda akiwa na aproni yake, na nyuma yake mteja aliyekataa kubaki, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Mzee Sanga, shikamoo," akasema kwanza, kana kwamba amekuja kutembea. Baba akaitikia marahaba. Kisha Uweis akalitazama gunia. "Na nyinyi mwafanya nini na nywele zangu?"

"Zako?"

"Za dukani kwangu, za nani tena? Mimi huzifagia, mzee huja Ijumaa akazizoa. Nguruwe mwitu akisikia harufu ya binadamu haingii kwenye muhogo. Mwezi jana shamba la nani liligugunwa lote? La mzee lilikuwa zima. Mlidhani nguruwe wamuogopa uso?"

Yule mteja akasema, "Jamani, mimi narudi saa ngapi kumaliziwa?" Mmoja wa vijana alicheka bila kupenda, na aliyecheka hawezi tena kukata. Mapanga yalishuka. Walitoka mmoja mmoja. Wa mwisho, aliyekuwa amevua viatu, alivivaa, akageuka na kusema, "Mzee, hata hivyo, usilale hapa."

Tunataka isikike vizuri: baba aliokoka siku ile, lakini hakusafishwa. Walikubali gunia, hawakukubali mtu. Wiki ile ile tulimpeleka Mariakani kwa mtoto wake wa mwisho, Vivian, anayeuza maziwa huko. Mama alikataa kwenda. "Nikihama na mimi watasema tumekimbia," alisema. "Mimi sikimbii kitambaa cha mwavuli." Alibaki peke yake katika uwanja huu, na baba alikuwa akija kumwona mchana, akirudi kabla ya jioni, kama mgeni kwake mwenyewe.

Mariakani hakubadilika. Pakiti za maziwa aliziosha akazijaza udongo, akaotesha miche ya mikorosho akawagawia madereva wa malori. Maji ya kuoshea mikebe alinyweshea mboga. Vivian alimnunulia shati jipya, akalikunja akaliweka. La buluu aliendelea kulivaa ndani nje, hata siku za Jumapili, na hilo lilimshangaza Vivian.

"Baba, siku hizi huo upande mzuri huuvai hata kanisani. Wauwekea nini?"

"Nauwekea siku nitakayorudi nyumbani nikalala."

Mwaka wa 2023 alianza kuumwa, na madaktari wa hospitali moja ya Mombasa wakampata na saratani ya tezi dume. Alitibiwa na akapata nafuu ya mwaka mzima. Januari mwaka huu hali ilirudi kuwa mbaya. Wodini alikuwa akimwomba muuguzi azime taa ya juu yake kwa kuwa mwanga wa kitanda cha pili unawatosha wote wawili. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, Vivian akiwa amemshika mkono. Barua ya daktari inayoeleza chanzo cha kifo iko kwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Anayetaka kuisoma aiombe leo, asije kesho akatunga yake.

Sasa lile swali la jikoni, amemwachia nani yale mambo. Stoo ni ile nyumba ndogo ya makuti iliyo kushoto kwenu. Tumeona wengine mmeketi karibu nayo tangu asubuhi na mmeipa mgongo, na wengine mmekataa kuketi upande huo. Mama ameitoa kufuli. Mlango uko wazi na utabaki wazi. Ndani kuna debe la sabuni, chupa tupu, mwavuli usio na kitambaa, na gunia la nywele alilolileta Uweis mwezi uliopita, kwa maana muhogo bado uko shambani na nguruwe bado wako msituni. Mrithi wa vitu hivyo ni mama. Atafukia maganda ya mayai, nanyi mtamwona akifukia. Ukimwona, mwite jina lake, umuulize. Atakueleza, na kama tunavyomjua, hatakuacha uondoke bila papai.

Marehemu ameacha mjane, Kahonzi, watoto watatu, Monicah, Cliff na Vivian, wajukuu wanane, na ndugu yake mmoja, Charo, aliye nasi hapa. Familia inamshukuru mchungaji, majirani waliolala matanga nasi, na pia vijana waliochimba kaburi jana. Mmoja wao alivua viatu kabla ya kuingia uani. Tulimtambua, na mama akampa maji ya kunywa.

Mlipopita kumtazama baba asubuhi hii, tulisikia baadhi yenu mkisema kuwa watoto wamemnunulia shati jipya. Hatukununua. Ni lile lile mlilolijua limepauka, lenye mishono nje. Upande huu hamkuwa mmeuona kwa miaka. Alitunza buluu yake hadi leo, na leo amerudi nyumbani, amelivaa upande wake.

Mwacheni alale. Na mama mwacheni aishi.