Mwalimu Apollinaire na Sura Iliyomo Kikombeni

Wapendwa, ninayesoma wasifu huu wa marehemu ni Salvator, mtoto wa mama yake mdogo. Hapa Durban alikuwa na ndugu mmoja tu, ndiye mimi.

Mwalimu Apollinaire Mushagalusa alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Kabare, karibu na Bukavu. Alisoma kwa mapadri, upande wa Kilatini na Kigiriki, kisha akafundisha lugha hizo miaka ishirini na mmoja. Nyumbani tulimcheka: Wagiriki wenyewe walishakufa, yeye anamsahihishia nani madaftari?

Tarehe 5 Agosti 1978 alimuoa Libérate, na shahidi wao nilikuwa mimi. Hawakujaliwa mtoto. Oktoba 1996, vita ilipoingia Bukavu, walipotezana katika msongamano wa watu waliokimbia. Alifika Durban Mei 1997 bila hata picha moja ya mkewe.

Alilinda magari barabara ya Umbilo. Chumbani kwake Albert Park alifinyanga vikombe vya Wagiriki wa kale, vipana kama sahani, vyenye mguu na vishikio viwili. Mama mmoja mfinyanzi alimchomea vikombe hivyo katika tanuri lake. Nje alichora macho makubwa, ili mtu akiinua kikombe aonekane amevaa uso mwingine. Ndani, kwenye kitako, alichora picha ambayo mnywaji huiona akishamaliza tu. Hiyo kwake ilikuwa sheria. Kuionyesha mapema, alisema, ni kumpa mwanafunzi majibu kabla ya mtihani.

Mwaka jana aliniambia sura ya Libérate imeanza kumpotea. Tangu hapo, kila nilipopita, alinimiminia chai katika kikombe kilekile.

"Salvator, kunywa yote. Chini iko swali, na ni wewe tu unaweza kunijibu."

"Eish, grand frère, kaka yangu, nitamaliza siku ingine. Taxi inaningoja."

Nilikuwa na duka la simu Isipingo na haraka zisizoisha. Nikaacha chai nusu, sijui mara ngapi. Najuta, na sitaficha.

Julai alilazwa kwa nimonia. Alifariki Jumanne, 17 Agosti 1999, saa nne asubuhi, mimi nikiwa dukani.

Juzi nilikwenda kukusanya vitu vyake. Nikajimiminia chai katika kikombe kilekile, nikainywa yote peke yangu. Chini alikuwepo Libérate, na kando ya uso wake maandishi madogo: "Ni yeye?"

Ameacha mke, ambaye hatujui yuko wapi, wala kama anajua kwamba ni mjane. Na mimi pia ameniacha.

Kaka, ni yeye. Hata mwanya wa meno umeupatia. Sasa pumzika kwa amani.